Vanishi ya Mwanzi wa Kombo

Kwanza mnisamehe hati. Vidole vyangu viwili vya mkono wa kulia vimepasuka ngozi, havishiki kalamu sawasawa, na hata vilipokuwa vizima mwalimu wangu wa darasa la nne alikuwa akisema naandika kama kaa anayetafuta shimo. Maneno nitakayokosea herufi yasomeni kwa sauti, mtayajua. Barua hii imenichukua siku kumi na moja.

Nimestaafu. Najua neno hilo ni la wazee, na mimi nina miaka ishirini na miwili. Juzi mjomba aliniuliza kama nishaanza kutafuta mkongojo. Lakini mtu aliyeacha kazi na hairudii tena amestaafu, awe na mvi au asiwe nazo. Nimefanya kazi miaka saba kwa Fundi Makame, pale Madungu, tangu mwisho wa miaka ya hamsini mpaka mwezi uliopita. Nawaandikia nyinyi wawili mliobaki kwenye benchi, na yeyote atakayekuja baada yenu, kwa sababu kusema siwezi. Mnanijua. Tulikaa pamoja mwaka mzima na nadhani hamkunisikia nikisema maneno mia.

Nataka kuwaeleza namna ya kuchagua kitu cha kupaka juu ya mwanzi wa kuvulia uliotengenezwa kwa nyuzi za kioo. Ningeweza kulimaliza jambo hili kwa mistari mitatu. Lakini mistari mitatu mtaisoma mkaisahau, kwa hiyo nitawaambia yaliyompata Kombo Hamadi wa Wambaa. Mpaka leo nikiyakumbuka mwili unanisisimka.

Siku yangu ya kwanza Fundi Makame hakuniuliza jina. Alinipa kipande cha chupa iliyovunjika na mguu wa kiti, akaniambia nikwangue mpaka mti uwe kama shavu la mtoto. Nilikwangua kutwa. Jioni akapitisha kidole, akasema, "Mtoto huyu ana ndevu," akanirudishia. Siku ya pili alinipa ngozi kavu ya samaki taa, ambayo husugua vizuri kuliko msasa wa dukani. Siku ya tatu ndipo akaniuliza jina. Nilimwambia Faki, kwa sauti ndogo, naye kwa mwezi mzima akaniita Shaki. Sikumsahihisha.

Kazi yetu kubwa ilikuwa makasha ya maharusi. Nje ya kasha Fundi alipaka sandarusi, ule utomvu mgumu wa mti, aliyoiyeyusha mwenyewe uani, mbali na makuti, akaichanganya na mafuta ya kitani. Sandarusi yake iling'aa hata ukaona meno yako. Kasha likishakauka, siku ya kulitoa, alichukua kitambaa na kichupa cha mafuta ya makonyo, yale yanayokamuliwa kwenye vikonyo vya karafuu, akasugua. Hiyo ilikuwa ada. Kasha lisilonukia karafuu hapa Pemba nani atalipokea? Tena dumuzi watoboao mbao hawalisogelei. Nilimtazama akifanya hivyo miaka mitatu, na kichupa nilikuwa nikimshikia mimi. Likumbukeni jambo hili la kichupa.

Nyuzi za kioo zilitufikia kwa bahati. Bwana mmoja wa kazi za bandari alitutengenezesha mashua yake ndogo, na alipohamishwa akatuachia furushi la kitambaa cheupe kilichofumwa kwa nyuzi za kioo, pamoja na makopo mawili: moja la gundi nzito kama asali, jingine dogo la dawa ya kuigandisha. Bwana huyo alikuwa na mwanzi wa kuvulia wa namna hiyo, wa dukani, na Fundi alikuwa ameushika mara moja tu. Mara moja ilimtosha. Alichonga mti mwembamba kama msumari mrefu, mnene chini na uliochongoka juu, akaupaka nta, akauviringishia kitambaa kilicholowa gundi, akakibana kwa utepe. Kesho yake aliuchomoa ule mti, akabaki na mwanzi mweupe, mwepesi, ulio wazi ndani. Aliukunja mpaka nikafumba macho. Ukarudi mahali pake. Niliogopa kama niliyeona uchawi.

Alikuwa akimtengenezea Kombo. Kombo alikuwa mvuvi, na msimu wa karafuu alipanda mikarafuu kama watu wote. Mwaka mmoja tawi likamdondosha, mkono wa kushoto ukavunjika, ukaingia uoza, ukakatwa juu ya kiwiko. Alipokuja kiwandani kwetu mara ya kwanza alikaa juu ya kasha la watu bila kukaribishwa.

"Fundi, mie nina mkono mmoja, mke mmoja na watoto wanne," alisema. "Na wote wanataka kula, hata huo mkono."

"Si uvue kwa mshipi kama zamani?"

"Mshipi unataka mikono miwili, yakhe. Mmoja wa kuvuta, mmoja wa kushikilia kilichovutwa. Mie nikivuta nashikilia kwa meno." Akafungua kinywa, akatuonyesha pengo. "Jino la hapa lilikwenda na samaki kolekole."

"Na mianzi ya kawaida?"

"Mitatu imevunjika. Weye huna kitu kisichovunjika?"

Fundi alicheka, akasema anacho. Akamchongea pia gurudumu la mvule la kuzungushia mshipi, na kikombe cha ngozi cha kufunga kiunoni ili kitako cha mwanzi kikae humo. Samaki akikimbia, Kombo angeukamata mwanzi kwa kiganja chake kimoja. Samaki akichoka, angeubana mwanzi kwa mapaja na kuzungusha gurudumu. Yaani chakula cha nyumba ile chote kingepitia kwenye kiganja kimoja kilichoshika mwanzi ule.

Ikabaki kuupaka. Mwanzi wa nyuzi za kioo usiopakwa kitu ni adui. Ukishausugua ili ulainike, ncha za nyuzi zinakuwa juu, na jua na chumvi vinakula gundi iliyozishika. Fundi hakutaka kubahatisha. Alitengeneza mwanzi mwingine wa majaribio, akaukata vipande sita vya shibiri moja moja, kila kimoja tukakipaka kitu chake na kimoja tukakiacha uchi, tukavifunga juu ya paa. Kila asubuhi nilivichovya katika maji ya chumvi na kuvikunja mara kumi. Majirani walidhani natengeneza dawa ya mapenzi.

Kile cha sifa, mafuta ya papa tunayopaka vyombo vya baharini, hakikukauka kamwe. Mti hunywa sifa, lakini kioo hakinywi. Kilinata, kikakusanya nzi, na paka wa jirani akapanda paani akakiiba. Cha mafuta ya maganda ya korosho kilikuwa kigumu na cheusi kizuri, lakini kilinibabua midomo kwa kuwa nilijisahau nikajifuta uso. Huwezi kumpa mtu ashike kitu hicho kutwa kwa jasho. Nilikuwa na matumaini na sandarusi, kwa sababu ni yetu. Siku ya nne ya kukunjwa ilipasuka vipande vipande kama ganda la yai. Kasha halikunjwi, mwanzi hukunjwa. Rangi ya mashua ilistahimili kidogo, kisha ikabanduka penye mkunjo. Kile kilichokuwa uchi kiligeuka cheupe kama mvi, kikaota vinyweleo. Fundi alikipitisha mara moja kwenye mkono wake, akajikuna siku tatu. "Kioo ni kioo," alisema, "hata ukikifuma kama kanga."

Iliyoshinda ni vanishi ya kopo, ile ya milingoti, inayokunjika pamoja na kitu kilichopakwa. Mwenye duka alitusomea maneno ya kwenye kopo: paka nyembamba, ngoja ikauke, sugua kidogo, paka tena. Fundi akaongeza sheria yake. Bonyeza kwa kucha ya gumba. Kucha ikiacha alama, ngoja. Ukiona imekauka, ngoja tena siku mbili, kwa sababu juu hukauka kabla ya chini.

Tukapaka mara tatu kwa utaratibu huo. Kabla ya mara ya nne, Fundi alipata habari ya msiba Chokocho. Akafunga safari, akaniambia, "Faki, paka ya mwisho, ikauke, umkabidhi Kombo. Una macho na una kucha."

Nilipaka. Naapa nilipaka vizuri. Siku ya pili jioni niligusa, haikunata, nikabonyeza, kucha haikuacha alama. Iling'aa. Nikajiona fundi. Na kazi ikiisha kwetu hufanywa nini? Nikachukua kichupa cha makonyo na kitambaa, nikausugua mwanzi wote kutoka kitako mpaka ncha, kama nilivyoona ikifanywa miaka mitatu. Ulinukia kama bi harusi. Nikauviringisha katika kipande cha kitambaa cha marekani, nikaenda zangu.

Asubuhi nilifungua kitambaa, na kikanishikilia. Kidogo tu, kama mtoto anavyomshika mtu nguo asiondoke. Nikabonyeza kwa kucha. Jana kucha haikuacha kitu. Leo ilizama. Nilisimama pale nikiutazama mwezi mdogo wa kucha yangu juu ya vanishi, na sikuelewa, na nilikuwa bado sijaelewa Kombo alipoingia.

"Bamvua limefika, bwana mdogo, maji makubwa ya kuvulia. Mwanzi wangu?"

Nilimnyooshea mkono kuuonyesha.

"Mashaallah! Umekauka?"

Vijana wenzangu, hapa ndipo ninapotaka mnisome polepole. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, nalo ni bado. Lina silabi mbili. Lakini alikuwa mtu mzima, amekuja kwa miguu sehemu kubwa ya njia, anacheka, na mimi nikitazamwa usoni ulimi hunikauka. Nikatikisa kichwa kukubali. Akanibariki, akauchukua pamoja na kitambaa chake.

Fundi alirudi, akauliza, "Kombo kaja?" Nikakubali kwa kichwa tena.

Siku ya saba mlangoni alisimama mwanamke ambaye sikuwa nimepata kumwona. Hakupiga hodi. "Nyinyi ndio mafundi?" akauliza. "Mie Bi Time, mke wa Kombo. Njooni mumtazame mume wangu." Hakutaka maji wala kiti. Tuliondoka naye saa ile ile, benchi likabaki na randa juu yake. Njiani Fundi alimwuliza mara mbili kuna nini, naye akajibu mara mbili, "Mtaona."

Kombo alikuwa amekaa barazani, mkono umelazwa juu ya mto kama mgonjwa wa peke yake. Ulikuwa umevimba mpaka vidole havikutani. Kiganja kilikuwa chekundu, na alipokigeuza kwenye jua, kilimeta. Nilidhani ni magamba ya samaki. Kisha nikajua. Zilikuwa nyuzi za kioo, mamia, zimesimama ndani ya nyama. Nikashika nguzo.

"Karibuni, mafundi," alisema Kombo. "Mniwie radhi, siwapi mkono."

Hakuna aliyecheka, na yeye mwenyewe hakucheka.

Alitueleza. Siku mbili mwanzi ulivua vizuri, ila ulinata, naye akadhani ndiyo tabia ya vitu vya kisasa. Siku ya tatu samaki mkubwa akala. Kombo akaukamata mwanzi kwa nguvu zake zote, juani, na samaki akavuta. Vanishi ikabanduka ikabaki kiganjani, mwanzi ukateleza ndani ya mkono wake ukiwa uchi, kama msumeno. Hakuachia. Angeachiaje? Hakuwa na mkono wa pili wa kupokea.

"Samaki mlimpata?" Fundi aliuliza.

"Tulimpata," alijibu Bi Time. "Nimemlisha mimi, tonge kwa tonge. Namlisha, namtawadhisha, namfunga shuka. Tabibu aliyepita amesema uvimbe ukipita kifundo cha mkono, dawa ni ile ile ya mwanzo."

Hakuitaja. Sote tulitazama mkono wa shati uliofungwa fundo.

Fundi aliomba mwanzi. Ulikuwa umefungwa katika marekani yangu. Akaunusa. Alinusa tena, taratibu, kama anayetumaini pua imekosea.

"Makonyo," alisema. "Makonyo yamefikaje juu ya vanishi?"

Kuku walipita. Fundi hakunitazama, na hilo lilikuwa baya kuliko kutazamwa. Akavuta pumzi, akamwambia Kombo, "Kazi imetoka kwangu. Ni mkono wangu."

"Si wake," nilisema. "Nimepaka mimi. Na asubuhi ile kucha ilizama, na nilijua, na Kombo aliponiuliza kama umekauka nikakubali."

Sijui sauti ilitoka wapi. Kombo alinigeukia, macho yamemtoka. "Kumbe anasema!"

"Angesema wiki iliyopita," akasema Bi Time.

Miaka imepita na bado nalisikia.

Fundi alinigeukia. "Kasha nalipaka makonyo wapi?"

"Ndani."

"Na nje, penye sandarusi?"

Nilifikiri. Nikakiona kitambaa chake kikizunguka ndani ya kasha, kila mara ndani, juu ya mbao tupu, na kichupa mkononi mwangu. "Nje hupaki."

"Kwa nini?"

"Sijui."

"Miaka mitatu unashika kichupa, hukuuliza?"

Nilitazama kiganja cha Kombo. Naye akasema, "Na mie miaka mitatu sikukwambia. Makonyo hula vanishi, Faki. Vanishi ikiwa changa ndiyo kabisa, huirudisha ikawa uji. Ubao mtupu huyanywa, hayaudhuru. Nilidhani kila mtu anajua."

Fundi alirudi Madungu. Mimi nilibaki Wambaa, hakuna aliyeniambia nibaki wala niondoke. Mimi na Bi Time tulipasha nta ya nyuki ikawa vuguvugu, tukaibandika kiganjani, ikapoa, tukaibandua, nayo ikatoka na nyuzi. Zilizokatikia ndani nilizitoa moja moja kwa koleo ndogo aliyoniachia Fundi, tangu jua linapopanda mpaka linaponinyima mwanga. Kombo alikuwa akinitukana kwa adabu. "Weye mtoto una mkono mwepesi," aliniambia siku ya pili. "Kichwa ndicho kizito." Kila asubuhi Bi Time alifunga uzi mwekundu mahali uvimbe ulipofika, nami nilitazama uzi ule kabla sijawasalimu. Siku ya tatu ulipanda upana wa vidole viwili kuelekea kifundoni. Siku hiyo sikula. Siku ya tano ulisimama. Siku ya sita ulishuka. Siku ya tisa Kombo alichukua tonge mwenyewe, akalipeleka kinywani mwenyewe, na Bi Time akainuka akaingia ndani, akakaa huko kitambo.

Niliporudi Madungu, mimi na Fundi tuliukwangua ule mwanzi wote, tukaufuta, tukaanza upya. Yashikeni haya. Vanishi ya milingoti, nyembamba, mara tano. Kati ya mara na mara, kucha, kisha siku mbili juu ya kucha. Usifunike kitu kilichopakwa karibuni, kiache kipumue kivulini pasipo vumbi, na msimu wa karafuu usikianike karibu na majamvi ya karafuu. Mafuta ya aina yoyote yasisogee. Na mahali pa kushika, kwanza zungusha uzi wa pamba mkavu, mzunguko kwa mzunguko bila nafasi, ndipo upake. Hivyo hata vanishi ikifa, mkono wa mtu haukutani na kioo. Uzi huo ulikuwa wazo langu. Nililisema kwa mdomo, na Fundi akasema, "Rudia," kwa kuwa hakunisikia, nami nikarudia.

Kombo alikuja mara nne kuutazama. Kila mara aliuliza, "Umekauka?" na kila mara nilimjibu, "Bado," kwa sauti, mpaka wanunuzi wa makasha wakageuka. Mara ya tano alibonyeza kucha yake mwenyewe. Haikuacha alama. "Sasa?" akauliza. Nikamwambia, "Sasa, inshallah." Bado anavua nao. Kiganja chake kina makovu meupe, na anasema kinashika vizuri kuliko zamani, lakini Bi Time anasema mumewe ni mwongo.

Mimi gundi ile imenikataa. Mwaka jana ngozi ilianza kuvimba kila nilipofungua kopo, na sasa hata harufu inanitoa malengelenge. Tabibu amenikataza. Siku ya kuondoka Fundi hakusema mengi, alinipa ile koleo ndogo. Fungeni vidole vyenu vitambaa mkishika gundi, msiige ujasiri wangu, haukuwa ujasiri.

Ndani ya kopo la biskuti nina kipande cha vanishi niliyoibandua kwenye mwanzi siku ile kule Wambaa. Ni kama ngozi ya nyoka, rangi ya chai. Ukikiinua kwenye mwanga, mistari ya kiganja cha Kombo imo yote, mpaka kovu dogo la chini ya kidole cha shahada. Ninapoandika maneno haya kiko mbele yangu.

Basi niandikieni. Niambieni mnapaka nini sasa, mnangoja siku ngapi, na kama nimekosea popote hapa juu, semeni bila kuniogopa. Kama kuna kitu mlimwona Fundi akikifanya au mimi nikikifanya, na hamkujua sababu yake, niulizeni, hata kama ni cha kijinga. Hati mbaya si kitu, yangu mmeiona. Mkikaa kimya nitajua mmejifunza kwangu lile nililotaka mliache.

Faki